Noti ya elfu kumi yenye tembo wawili: kosa la kiwandani au nimepigwa?

Wakala Uyole

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za majukumu.

Mimi ni wakala wa kutuma na kutoa pesa hapa Uyole, kibanda changu kinatazama barabara ya Tukuyu. Jumamosi iliyopita asubuhi, ukungu bado uko chini, alikuja mama mmoja wa viazi kutoka Isyonje, mteja wangu wa siku nyingi. Usiku ule alikuwa ameuza lumbesa zake kwa watu wa Dar, akataka nimwekee laki sita na arobaini. Zote wekundu wa Msimbazi, wakavu, wamefungwa na mpira. Nikahesabu mara ya kwanza, sitini na nne. Mara ya pili kidole kikasita.

Upande wenye jengo la Benki Kuu kuna tembo. Tembo wa elfu kumi anakaa upande wa pili, sote tunamjua. Huyu yuko hafifu, kama chai ya rangi iliyomwagikia karatasi, lakini ni tembo kamili: masikio, pembe, mkonga. Na kageuka. Ukimweka sambamba na tembo halali, huyu anatazama kinyume. Hata 10000 iko kinyume, kama yale maandishi ya mbele ya gari la wagonjwa. Nimeisoma kwenye kioo cha kunyolea ikanyooka.

Wazo la kwanza likawa bandia. Mwaka juzi nilipigwa elfu hamsini kwa mkupuo mmoja, tangu siku hiyo siamini hata pesa ya mchungaji. Nimeipapasa, ina mikwaruzo yake. Nimeimulika, kivuli cha Mwalimu kipo, utepe upo. Chini ya taa ya bluu haiwaki mwili mzima kama zile za mwaka juzi.

Jirani yangu wa chipsi anasema hapo nimeshajenga. Mke wangu anasema nimpe mteja wa kwanza atakayekuja kutoa, floti ya kibanda si makumbusho. Nimeificha kwenye daftari la madeni. Wenye ujuzi mnisaidie: hili ni kosa la waliochapa au kuna mtu kaichezea? Na kama ni kosa kweli, thamani yake inapimwaje, na nani anapima?

---

Msimbazi Damu

Mkuu nenda nayo dukani udai bidhaa za elfu ishirini. Tembo wawili hao.

---

Noti Adimu Mnunuzi

Boss hiyo noti inaenda milioni 85, nina mzungu anaitaka leo leo. Tuma picha pande zote mbili pamoja na elfu 35 ya cheti cha ukaguzi, kabla ya saa kumi jioni umeshalipwa. Njoo inbox tusichoshane hapa.

---

Fundi Mafinga

Umesahau kusema "na ya kutolea". Yaani umtapeli wakala kwa njia ya kumwambia atume pesa? Ungeanzia kwa sisi wapasua mbao kwanza.

---

Babu Gangilonga

Marahaba mwanangu. Kamwene huko Uyole.

Nimehesabu pesa za watu kaunta ya benki miaka 27, kwanza Iringa mjini, halafu Mbeya. Sasa nafuga kuku na kusoma majukwaa usiku usingizi ukigoma. Katika miaka yote hiyo, noti ambazo kweli zilikosewa kiwandani na zikapita mikononi mwangu hazimalizi vidole vya mkono mmoja. Noti ambazo wateja waliniletea wakiamini zimekosewa kiwandani zingejaza gunia. Kwa hiyo nilipoanza kukusoma nilikuwa nimeshakunja uso. Ulipofika kwenye kioo cha kunyolea nikaamka nikakaa.

Noti haichapwi kwa mpigo mmoja, hilo ndilo watu hawalijui. Zinaanza zikiwa karatasi moja kubwa yenye noti nyingi. Kwanza zinawekwa rangi za chini, yale mawimbi mepesi yanayoingiliana. Zikikauka ndipo inakuja ile mashine nzito: sahani ya chuma imechimbwa mistari, wino mzito unajaa kwenye mistari hiyo, karatasi inakandamizwa hadi iingie humo na kunyonya wino. Ndiyo maana ukipapasa unasikia mikwaruzo. Sura za watu na wanyama hutoka hapo. Namba za kila noti, si ile 10000, zinapigwa baadaye kwa mashine nyingine, mwisho kabisa kisu.

Sasa chukulia mashine ile nzito imeruka karatasi moja. Sahani inashuka na wino wake, karatasi haipo, wino unaishia kwenye silinda inayokandamiza kutoka upande wa pili. Karatasi inayofuata inaingia: mbele inapata tembo wake kama kawaida, na mgongo unaokota tembo aliyebaki kwenye silinda, amegeuka. Ya pili yake inaokota kidogo, ya tatu kidogo zaidi, mpaka silinda inakuwa safi. Wino ambao haujakauka unaweza pia kuhama karatasi zikirundikwa, na huko nako picha hutoka kinyume.

Kwa hiyo usiniulize kwanza "ni shilingi ngapi". Mwulize huyo tembo aliingia lini. Kosa la kiwandani lazima uweze kulitaja hatua yake: hapa rangi zilikuwa zimeshawekwa, hapa namba zilikuwa bado. Likikosa mahali pa kukaa kwenye foleni hiyo, limetokea mtaani. Fanya hivi mchana kweupe:

Inyanyue kuelekea dirishani. Tembo wa nyuma akae juu ya tembo wa mbele, pembe juu ya pembe, kama mtu na kivuli chake saa sita mchana. Akiwa amesogea sentimita nzima au amekaa mshazari, nina mashaka.

Halafu tafuta lenzi, mafundi simu wanazo. Mistari ya ngozi ya tembo wa nyuma inahesabika, au imevimba na kusambaa? Noti iliyolowa petroli au spiriti nayo inaweza kuvujisha rangi ikatokea upande wa pili, na picha ikawa kinyume vilevile. Lakini hapo mistari inakuwa na manyoya, na tembo wa mbele anakuwa amepauka kwa sababu wino wake umehama. Wako wa mbele akiwa mweusi na mzima, ni dalili njema.

Tatu, angalia kilichohama. Hapo nyuma panatakiwa wino wa mashine nzito peke yake. Ukikuta na mawimbi ya rangi za chini yamejichapa, au namba za noti nazo ziko kinyume pamoja na tembo, basi kuna mtu amekandamiza noti nzima kwa werevu wake.

Marekani kuna dola 20 moja ambayo huwa naitolea mfano. Ilitoka kwenye mashine ya ATM mkononi mwa mwanafunzi wa chuo huko Ohio mwaka 2004, ina stika ya ndizi ya Del Monte imebandikwa karibu na sura ya rais. Stika yeyote anaweza kubandika, hata wewe ukimaliza kula tufaha. Ila kwenye noti ile muhuri wa kijani na namba vimepita juu ya stika. Maana yake stika ilidondokea karatasi ikiwa imeshachapwa sura lakini haijapigwa namba, humohumo kiwandani. Mtu hawezi kuyafanya hayo nyumbani kwake. Mwaka 2006 iliuzwa dola 25,300, na Januari 2021 mnadani ikafika 396,000.

Usianze kupiga hesabu ya matofali. Noti ile ni moja, kila mtu anaielewa kwa kuitazama mara moja, na ni ya nchi yenye wakusanyaji wengi mno. Upande wa pili kuna Australia: dola 50 iliyotoka Oktoba 2018 ina neno la Kiingereza lililodondoka herufi moja kwenye maandishi madogo. Ni kosa la wazi, la serikali kabisa. Lakini lilichapwa kwenye noti milioni 46. Ukiwa nayo una dola 50.

Ya kwako iko katikati ya hizo mbili. Thamani itatokana na mambo ambayo hayamo kwenye karatasi peke yake: tembo wa pili anaonekana kutoka hatua mbili au mpaka uinamishe, noti imekunjwa mara ngapi, na je, kuna watu wawili wanaoitaka kwa wakati mmoja. Mtu mmoja akiitaka atakupa anachojisikia. Wakusanyaji huzipanga kwa alama hadi 70, na mkunjo mmoja wa katikati unashusha kuliko unavyodhani. Pesa ya viazi haijawahi kufika sabini.

Bei niliyoizoea kuiamini ni ile ambayo mtu alikwishalipa. Mitandaoni utakuta mtu kaandika dola 5,000 kwenye noti ya kawaida, na imekaa hapo tangu mjukuu wangu hajaanza shule. Tafuta minada iliyokwisha, uone noti za Tanzania zenye kosa la aina hii zilitoka kwa ngapi. Utakuta chache.

Benki wataipokea kwa elfu kumi, hiyo ni fedha halali. Hata ukienda tawi la Benki Kuu hapo Mbeya mjini utapewa elfu kumi nyingine nzuri. Kazi yao ni kuondoa noti mbovu kwenye mzunguko, nyongeza ya ajabu yake hawana.

Na usiipige pasi. Usiisafishe, usiilaminishe, usiweke selotepu. Iweke kwenye plastiki ngumu isiyonata, iondoke kwenye daftari la madeni kabla wino wa kalamu haujaigeuza.

Jambo la mwisho, na ni la kunichekesha mimi mwenyewe. Miaka ile ya noti ya 200 yenye wavuvi niliikuta moja ina sikio. Kona ilikuwa imejikunja kabla kisu hakijapita, kwa hiyo ukiikunjua kilitokeza kipande cha pembe tatu nje ya noti, na juu ya kipande hicho kuna michoro ya noti jirani yake. Nikaweka yangu 200 kwenye droo, nikaichukua. Nikaihifadhi kwenye kitabu cha nyimbo, niliona hakuna mahali salama zaidi. Jumapili iliyofuata mama watoto alikuwa hana chenji ya sadaka. Sikio nilimkuta amelikata kwa mkasi ili noti ikae vizuri kwenye bahasha.

---

Fundi Mafinga

Babu nimecheka mpaka msumeno umezimika. Na sikio lenyewe lilienda wapi?

---

Babu Gangilonga

Alilifagia.

---

Dada wa Njombe

Kamwene babu. Na mimi naomba niulize hapahapa. Mama yangu ana elfu tano ile ya zamani ya 2003, faru amepauka karibu hayupo, upande mmoja tu. Je, ni kosa la rangi? Pia kuna karatasi ya marehemu babu, nene, maandishi ya Kijerumani, imeandikwa 1 Rupie, upande wa nyuma umechapwa kichwa chini. Walikuja vijana wawili na pikipiki kutoka Makambako, wakasema ili iuzwe ni lazima "ivute mchele". Wakamwaga punje mezani, wakaipitisha juu, haikuvuta. Wakasema basi nguvu zake zimelala, tutoe laki mbili za kuziamsha.

---

Babu Gangilonga

Kamwene binti. Natumaini mchele mliupika.

Ya mama kwanza. Je, kuna siku ilisahauliwa mfukoni mwa gauni? Sabuni na jua la kamba huwa vinakula wino upande ulioelekea nje. Kipimo: panapotakiwa kuwa na mikwaruzo ya faru, papasa. Kama mashine haikuweka wino lakini sahani ilishuka, karatasi inabaki na mabonde yake, na mistari haina rangi hata ya dawa. Kama imefuliwa utaona vumbi la rangi limebaki kwenye nyuzi za karatasi. Nakisia ni gauni. Na kwa bahati mbaya hata hiyo elfu tano haipo tena: noti zile za zamani Benki Kuu ilizikusanya kuanzia tarehe 6 Januari hadi 5 Aprili 2025, baada ya hapo si fedha halali. Mama abaki nayo kama kumbukumbu.

Karatasi ya babu ni habari nyingine, hiyo uishike vizuri. Wakati wa vita ya kwanza meli za Waingereza ziliziba pwani, Wajerumani wakashindwa kuleta noti kutoka kwao, wakaanza kuchapa humuhumu nchini, 1915 mpaka 1917, Dar es Salaam na Tabora. Mwishoni, wakiwa wanakimbizwa, walipiga hata kwa mihuri ya mpira. Watu wanachapa pesa huku wamefunga mizigo, kwa hiyo makosa yalijaa: tofauti za herufi, migongo iliyopinduka, karatasi za kila namna. Orodha za wakusanyaji zinayataja mengi ya makosa hayo moja moja. Kupinduka peke yake hakuifanyi iwe ya pekee, lakini ni kitu cha kweli chenye wanunuzi wa kweli, na hakijawahi kuvuta mchele. Hata neno "hela" ametuachia Mjerumani huyohuyo, alikuwa na sarafu ya heller, mia zake zinafanya rupia moja.

Ipige picha pande zote, usioneshe namba yote hadharani. Vijana wa pikipiki wakirudi waambie imelala moja kwa moja.

---

Kijana wa Sokomatola

Babu, nina elfu kumi mbili, moja saini ya Ndulu nyingine ya Tutuba, na rangi zimetofautiana kidogo. Ni kosa?

---

Babu Gangilonga

Hapana. Gavana akibadilika saini inabadilika. Rangi kutofautiana kidogo kati ya toleo na toleo ni kawaida. Zitumie.

---

Wakala Uyole

Ndaga fijo babu. Nimerudi na majibu.

Nimeenda kwa fundi simu hapa stendi, ana ile lenzi ya kufunga jichoni. Mistari inahesabika, haina manyoya. Tembo wa mbele mzima, hajapauka. Nimeinyanyua mlangoni jua lilipotoka, tembo wawili wakawa mmoja, mpaka fundi mwenyewe akaita wenzake. Namba hazijajichapa nyuma, mawimbi hayapo, ni ule wino mzito tu.

Ila neno lako la karatasi inayofuata ndilo lililoninyima usingizi. Kama silinda ilichafua ya kwanza, na ya pili ikaokota kidogo, basi ya pili iko wapi? Noti za yule mama zilikuwa zinafuatana namba, nilikumbuka kwa sababu zilikuwa bado zinateleza. Shida ni kwamba Jumatatu nilishapeleka laki tano benki kununua floti, na nyingine nimewapa wateja. Nikafunga kibanda nikamwaga droo mezani. Yangu inaishia 61. Nikaipata 62 imelala chini ya mashine ya risiti. Ukiitazama hivihivi ni noti kama noti. Ukiinamisha dirishani, yupo: mgongo wa tembo na pembe moja, basi. 63 sikuipata. 60 ninayo, haina kitu, kwa hiyo karatasi iliyorukwa ilikuwa kati ya 60 na 61. Sijui kama kuna anayenielewa furaha niliyoipata kwa kuona 60 haina kitu.

Mke wangu naye alipoziona tatu zimepangana amekaa kimya, akaniuliza plastiki ngumu inauzwa wapi.

Noti Adimu Mnunuzi ameniandikia inbox mara tatu. Sasa cheti kimeshuka elfu 15.

---

Babu Gangilonga

Mwanangu, hiyo 60 isitoke. Zikiwa tatu zinazofuatana zinasimulia zenyewe, msafi, mchafu, nusu mchafu. Mnunuzi akikuuliza ushahidi unamwekea mezani. Usizitenganishe hata kwa siku ya njaa.

---

Wakala Uyole

Babu utanisamehe, nimeshatenganisha.

Leo Jumamosi mama wa Isyonje amekuja tena. Roho ilinisuta, pesa ilitoka kwake, yeye hakujua na mimi nimejua. Nikamwita pembeni nikamweleza yote, silinda, wino, tembo. Nikampa ile 62 mkononi, nikamwambia hii ni ya kwako, iweke, mimi nabaki na 61, siku tukipata mnunuzi tunauza pamoja na kugawana. Akaigeuza, akaisogeza dirishani, akaniuliza, "Lakini inanunua?" Nikasema inanunua, mama, ila usi... Akasema ahsante baba, akaifunga kwenye ncha ya kanga. Nusu saa baadaye namwona anatoka duka la pembejeo hapo mbele na mfuko wa mbolea kichwani.

---

Fundi Mafinga

Duka lipi?